Vichwa, hori au mashine? Njia za kukadiria gesi ya mifugo kwa mfugaji wa Malindi na Lamu

Januari ya mwaka jana kikundi chetu cha wafugaji hapa Malindi kililetewa karatasi tatu. Ya kwanza ilitoka kwa mnunuzi wa maziwa, aliyetaka kujua kila lita tunayomuuzia imetoa gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kiasi gani. Ya pili ililetwa na vijana wawili wa mradi wa kaboni, ule unaolipa kwa gesijoto iliyopunguzwa. Wao walitaka idadi ya mifugo yote ya wanachama na kiwango cha gesi "cha kuanzia", yaani kabla mradi haujaingia. Ya tatu haikuwa fomu. Ilikuwa barua ya jirani, kurasa mbili za daftari zilizoandikwa kwa mkono, akilalamika kwamba banda la kuku la mwanachama wetu linamtoa barazani kila jua likizama.

Daftari la kikundi nalishika mimi, basi zote tatu zikaniangukia. Nikafanya kosa ambalo nadhani wengi watalifanya: nilizijibu zote kwa hesabu moja. Nilihesabu vichwa, nikazidisha, nikajumlisha, nikatia sahihi. Mnunuzi alirudisha yake ikiwa na alama nyekundu ya kuuliza. Vijana wa kaboni waliipokea kwa furaha, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Jirani hakusaidika hata chembe, kwa sababu nilimhesabia gesi isiyo na harufu.

Nilipoanza upya nilizipitia njia moja moja. Nimeziweka hapa kwa mpangilio niliozijaribu, ili mwenye fomu mkononi ajue ashike ipi.

Kwanza, ni gesi ipi inayoulizwa?

Methani hutoka zaidi mdomoni mwa mnyama anayecheua. Vijidudu vya tumbo la kwanza vinavunja majani, gesi inajaa, ng'ombe anabeua. Haina rangi wala harufu. Inayowasha macho ukifungua banda la kuku asubuhi ni amonia, nayo hutoka kwenye kinyesi na mkojo. Ile inayonuka kama mayai viza, kutoka shimo la samadi iliyolowa, ni haidrojeni salfaidi. Hiyo ni ya kuogopa mahali palipofungika, kwani ikizidi hulemaza pua kwanza, mtu akadhani imekwisha, kumbe ndiyo inamuua. Halafu kuna nitrasi oksidi, inayotoka samadini na shambani ilikomwagwa samadi. Ni kidogo kwa kilo lakini ni kali kwa joto.

Amonia yenyewe si gesijoto. Mradi wa kaboni hauilipii, na jirani hajali methani. Ukishalitenganisha hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Njia ya vichwa

Hii ndiyo niliyoikimbilia. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilitoa mwongozo mwaka 2006, na katika juzuu ya 4, sura ya 10, limepanga ngazi tatu za kukadiria gesi ya mifugo. Ngazi ya kwanza haihitaji zaidi ya idadi ya wanyama na kizidishio. Kwa Afrika, ng'ombe wa maziwa alipewa kilo 46 za methani kwa mwaka, ng'ombe wengine kilo 31, mbuzi na kondoo kilo 5, ngamia 46, punda 10. Samadi ina vizidishio vyake, na kwa sehemu za joto kama kwetu ni vidogo: ng'ombe kilo 1, mbuzi gramu 220, punda kilo 1.2.

Chukua boma la dada mmoja wa Ganda mwenye ng'ombe 3 wa maziwa, mitamba 2 na mbuzi 6. Mara tatu 46, mara mbili 31, mara sita 5: jumla kilo 230 za methani ya kubeua kwa mwaka. Dakika mbili umemaliza, hata nyuma ya risiti.

Sasa fungua marekebisho ya mwongozo huo yaliyotoka mwaka 2019. Ng'ombe wa maziwa wa Afrika amepanda kutoka 46 hadi 76, ng'ombe wengine kutoka 31 hadi 52. Mbuzi wa ufugaji wa kawaida amebaki 5. Boma lilelile la Ganda, siku ileile, majani yaleyale: kilo 362. Hakuna ng'ombe aliyeongezeka wala aliyebadilisha tabia. Kilichobadilika ni kitabu. Ndiyo maana ripoti yoyote ya vichwa isiyotaja mwaka wa mwongozo mimi siisomi zaidi ya hapo.

IPCC wenyewe hawakuficha. Walisema vizidishio vya ngazi ya kwanza vinaweza kukosea kwa asilimia 30 hadi 50, juu au chini. Ngazi ya pili waliikadiria kukosea kama asilimia 20.

Kuna mtego mwingine ambao huku Pwani hunasa sana, nao ni wa wanyama wa msimu. Mzee mmoja wa Goshi hununua mbuzi 40 miezi miwili kabla ya Idi ya kuchinja, anawanenepesha, anawauza wote. Ukiandika mbuzi 40 mara 5 unampa kilo 200 za methani ambazo hakuzitoa. Mwongozo unataka wastani wa mwaka: 40 mara siku 60, gawanya kwa 365, unapata mbuzi 6.6. Hao mara 5 ni kilo 33. Kuku wa nyama huhesabiwa vivyo hivyo, kwa siku walizokaa bandani.

Pamoja na hayo yote, ipo mahali ambapo njia ya vichwa ndiyo ya kuchagua bila haya. Lamu ni mfano. Kisiwani mnyama mkuu ni punda, na punda hacheui. Majani yake huchachukia utumbo wa nyuma, ndiyo maana kizidishio chake ni kilo 10 tu ilhali ng'ombe ana makumi kadhaa. Kumpima punda wa Lamu chakula chake ni kupoteza siku, kwani anakula alichopewa na mwenyewe, maganda ya sokoni, na pengine karatasi aliyoiokota kichochoroni. Hesabu vichwa, zidisha, maliza. Ukivuka kwenda bara, upande wa Witu na Hindi, kuna makundi ya ng'ombe wa Waorma yanayohama na mvua. Hapo shida haiko kwenye kizidishio hata kidogo, iko kwenye kuhesabu: kundi lililohesabiwa kiangazi likinywa maji mahali pamoja si lilelile utakalolikuta baada ya masika. Nguvu zako zitie kwenye idadi, ukihesabu mara mbili kwa mwaka, na kizidishio kiache kama kilivyo.

Kwa takwimu za wadi au za kaunti nzima pia njia hii inatosha. Kwa mtu mwenye ng'ombe watatu anayeulizwa kuhusu lita ya maziwa, haitoshi.

Njia ya hori

Hii ni ngazi ya pili. Mwongozo hauiiti hori, jina hilo ni langu, kwa sababu kila kitu kinaanzia pale ng'ombe anapokula. Unatafuta nishati anayoihitaji mnyama kwa siku: ya kuishi kulingana na uzito wake, ya kutembea, ya maziwa kulingana na lita na mafuta, ya mimba. Halafu unaangalia chakula chake kinameng'enywa kwa asilimia ngapi, unapata nishati yote aliyoimeza. Kwa ng'ombe wa kawaida asilimia 6.5 ya nishati hiyo hupotea kama methani. Zidisha kwa siku 365, gawanya kwa 55.65, ambayo ni megajuli (kipimo cha nishati) zilizomo katika kilo moja ya methani, na umepata kilo za mwaka.

Inatisha ukiisoma hivyo. Kazini ni utepe, mizani na daftari.

Kwa yule dada wa Ganda nilifika alfajiri, kabla ng'ombe hajanywa maji. Utepe unapita nyuma tu ya miguu ya mbele, unazunguka kifua, unabana bila kukaza. Ng'ombe akivuta pumzi namba inaruka karibu sentimita mbili, kwa hiyo soma akishaitoa, na usome mara tatu. Upande wa pili wa utepe unakupa kilo. Huyu alitoka 350. Ncha ya utepe aliilamba yote.

Chakula tulikipima kwa mizani ya kuning'iniza, tukiifunga kwenye tawi la mwembe. Mwenyewe alikuwa ameniambia anampa "mizigo miwili ya nepia". Mzigo wa asubuhi ulikuwa kilo 22, wa jioni 14, na asubuhi iliyofuata tukakusanya mabaki kilo 9. Kwa hiyo alikula 27, na nepia mbichi sehemu kama nne kwa tano ni maji. Juu yake kulikuwa na mashudu ya nazi na wishwa, kilo 3. Jumla ya chakula kikavu ilikuwa kama kilo 8.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kusema. Mwongozo una kipimo cha kujikagua: nishati uliyoikokotoa igawe kwa 18.45 upate kilo za chakula kikavu, uone kama zinaingia akilini. Yangu ilitoa karibu kilo 11. Mizani inasema 8. Kilo tatu zimetoka wapi? Nikamuuliza dada, akafikiri kidogo, akacheka. "Mchana si namfunga kule kando ya barabara?" Hakulihesabu kuwa malisho, kwa sababu hakulilipia. Nikaongeza nishati ya kutembea, na methani ya ng'ombe huyo ikapanda kutoka kilo 85 hadi 92.

Njia ya vichwa isingelinionyesha barabara ile hata kwa miaka kumi.

Angalia ng'ombe watatu wa mfano. Wote wana kilo 350, wanalishwa bandani bila kutoka, wana mimba, na maziwa yao yana mafuta asilimia 4. Tofauti ni lita na ubora wa chakula tu. Nimewakokotoa kwa kanuni za mwongozo wa 2006:

| | Majani makavu tu | Nepia na wishwa | Nepia changa, mashudu, majani ya jamii ya kunde |
|---|---|---|---|
| Lita kwa siku, wastani wa mwaka | 5 | 8 | 11 |
| Chakula kinachomeng'enywa | 55% | 60% | 65% |
| Methani kwa vichwa, 2006 (kilo) | 46 | 46 | 46 |
| Methani kwa vichwa, 2019 (kilo) | 76 | 76 | 76 |
| Methani kwa hori (kilo) | 82 | 85 | 87 |
| Gramu za methani kwa lita, kwa hori | 45 | 29 | 22 |

Soma mstari wa mwisho. Ng'ombe aliyelishwa vizuri anatoa methani zaidi kidogo kwa kichwa, lakini kwa lita anatoa chini ya nusu ya yule wa majani makavu. Mnunuzi wa maziwa alikuwa anauliza mstari huo na mimi nikampelekea ule wa vichwa. Kweli, ukigawa 46 kwa lita nawe utapata namba inayoshuka, gramu 25 hadi 11, tena nzuri kuliko ya kweli. Ndiyo iliyomfanya aweke alama nyekundu.

Jihadhari na neno "wastani wa mwaka". Wafugaji wengi hukutajia lita za ng'ombe akiwa amezaa juzi. Chukua maziwa ya mwaka mzima, pamoja na miezi aliyokaushwa, ugawe kwa 365. Ng'ombe wa "lita 12" mara nyingi hurudi kuwa wa 7.

Asilimia ya kumeng'enywa ndiyo inayosumbua zaidi, kwani haipimwi kwa macho. Kuna hifadhi ya bure mtandaoni iitwayo Feedipedia, inayoendeshwa na taasisi za Ufaransa pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yenye maelezo ya nepia, mashudu ya nazi na karibu kila kitu tunacholisha. Nepia iliyokatwa ikiwa ya magotini na iliyoachwa ikapita kichwa cha mtu si chakula kimoja, basi usichague safu inayokupendeza.

Samadi nayo inaingia katika ngazi hii, na hapa habari ni njema kwa wengi wetu. Samadi iliyorundikwa kavu, hata kwenye joto la Malindi, hutoa sehemu ndogo tu ya methani inayoweza kutoka, kama asilimia 5. Ikimwagwa majimaji kwenye bwawa lisilofunikwa, kwenye joto kama letu inaweza kukaribia asilimia 80. Mtu akija kukuuzia mpango wa kuosha zizi kwa mpira na kukusanya uji shimoni bila mtambo wa kunasa gesi, muulize swali hilo kabla ya bei.

Kenya kama nchi imekwisha fuata njia hii kwa ng'ombe wa maziwa: Idara ya Mifugo ilitengeneza orodha ya gesijoto ya ng'ombe hao kwa miaka 1995 hadi 2017 ikitumia ngazi ya pili. Kwa hiyo mfugaji anayeandika uzito, lita na chakula anaongea lugha moja na takwimu za taifa.

Vikokotoo vya mtandaoni

Nilivijaribu viwili. GLEAM-i ni cha FAO, hakilipiwi, na kinafanya ngazi ya pili kwa niaba yako kwa kutumia takwimu za nchi ulizokuta zimejazwa. Kinafaa ukiwa na kundi kubwa au unataka kulinganisha hali mbili, tuseme kundi lilivyo leo na lilivyo likipewa mashudu. Cool Farm Tool, kilichozaliwa kwa ushirikiano wa University of Aberdeen na kampuni ya Unilever, kinamwelekea mkulima mmoja na shamba lake, pamoja na mbolea na mafuta ya trekta. Wanunuzi wa kimataifa wanakifahamu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukitumia.

Ubaya wake ni mmoja kwa vyote viwili: pale usipojaza, kinajaza chenyewe, na namba inatoka imevaa suti kana kwamba yote ni yako. Kama huna utepe na mizani, kikokotoo ni njia ya vichwa iliyopakwa rangi. Ukiwa navyo, kinakuokolea jioni nzima ya hesabu.

Mashine

Watu wengi huanza na swali la mashine, nami nitaliacha haraka. Ipo Nairobi, kwenye kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, penye vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingizwa na hewa anayoitoa ikapimwa. Zipo pia mbinu za kumfunga mnyama chombo shingoni cha kukusanya pumzi, na vifaa vya kumlisha kidogo kidogo huku vikinusa anachobeua. Ni vifaa vya watafiti. Faida yake kwetu ni kwamba vipimo vya ng'ombe wa Afrika ndivyo vinavyosahihisha vile vizidishio vya kwenye kitabu, ambavyo mwanzoni vilitegemea mno utafiti wa nchi za baridi. Kwa ng'ombe watatu wa Ganda mashine ni sawa na kukodi jahazi kwenda kununua chumvi.

Vijana wa kaboni

Kwa njia ya vichwa, namna pekee ya kupunguza gesi ni kuuza ng'ombe. Kizidishio hakijui kwamba umepanda nepia. Kwa hiyo kikundi kikikubali kiwango cha kuanzia kilichokokotolewa kwa vichwa, kisha kikatumia miaka mitatu kuboresha chakula, hesabu ya mwisho itakuwa ileile ya mwanzo na hakuna kitakachouzwa. Kibaya zaidi, ukianza kwa vichwa na kumaliza kwa hori, kutoka 46 kwenda 87, utaonekana umeongeza! Ndipo nilipokwenda kuidai karatasi yangu irudi.

Anzia kwa njia utakayomalizia nayo. Na kabla ya kutia sahihi, msome nao sheria: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa mwaka 2023, na kwa miradi ya ardhini kwenye ardhi ya umma na ya jamii inataka mkataba wa maendeleo ya jamii na angalau asilimia 40 ya mapato iende kwa jamii. Isiyo ya ardhi ni asilimia 25. Kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka 2024. Wafugaji wa bara ya Lamu wenye malisho ya pamoja, hilo linawahusu hasa. Kwa mwenye ng'ombe watatu kwenye ploti yake, maoni yangu ni kwamba pesa iko kwenye zile lita sita za ziada, si kwenye kaboni.

Jambo dogo la kuandika, lenye kuleta ugomvi mkubwa: kubadili methani kuwa hewa ukaa, kwa namba inayosema methani inapasha joto mara ngapi kuliko hewa ukaa. Ripoti ya zamani itazidisha kwa 21, nyingine kwa 25, na nchi zinazoripoti chini ya Mkataba wa Paris hutumia 28. Tathmini ya IPCC ya 2021 inasema 27 kwa methani isiyotokana na mafuta ya ardhini. Andika kilo za methani kwanza, halafu tani za hewa ukaa, na namba uliyozidisha nayo. Kilo 230 mara 28 ni tani 6.4, na kilo 362 ni tani 10.1. Anayetaka kutumia namba nyingine atajizidishia mwenyewe.

Na sasa jirani

Barua ya jirani ndiyo iliyonifunza zaidi, maana hapa vichwa na hori za ng'ombe hazisaidii. Mwanachama wetu ana kuku 500 wa mayai.

Amonia hukadiriwa kwa kufuata naitrojeni, kama unavyofuata pesa. Kuku mmoja hula karibu gramu 115 kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 16.5 kina gramu 19 za protini, na protini ukiigawa kwa 6.25 unapata naitrojeni, gramu 3. Kama gramu 1 inaondoka na mayai. Mbili zinabaki chini ya miguu yake. Kuku 500 huacha kilo 1 ya naitrojeni kila siku. Tuseme asilimia 40 inaruka hewani: zidisha kwa 17, gawa kwa 14, ni karibu nusu kilo ya amonia kwa siku. Hiyo 40 ni dhana yangu. Matandiko yakilowa inapanda, yakikauka inashuka.

Nusu kilo ni nyingi au kidogo? Marekani, sheria za miaka ya 1980 ziliweka pauni 100, yaani kilo 45 ndani ya saa 24, kuwa kiwango cha kutoa taarifa ya amonia au haidrojeni salfaidi. Wakabishana miaka mingi kama mashamba ya mifugo yaingie. Mwishowe Bunge likaitoa hewa ya samadi katika sheria moja mwaka 2018, na shirika lao la mazingira, EPA, likaitoa katika nyingine mwaka 2019. Ulaya nako shamba la kuku lilihitaji kibali likizidisha nafasi 40,000, kikomo walichokishusha mwaka 2024 kwa kuku wa mayai, na shamba lenye kibali huripoti amonia likipita kilo 10,000 kwa mwaka. Kwa hesabu yangu ya hapo juu, kufikia kilo 45 kwa siku kunataka kuku kama 46,000. Sisi tuna 500.

Kwa hiyo kwa kiasi hakuna cha kuripoti. Lakini jirani hakai barazani na kiasi, anakaa na upepo. Nyumba yake iko kusini-magharibi ya banda. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, inampelekea yote. Ikigeuka kusi hapati kitu, na anaanza kulalamika aliye upande wa pili. Mtu akija na kipimo mwezi wa Julai ataandika kuwa hakuna tatizo, na atakuwa mkweli.

Ndani ya banda tulitumia mirija ya kioo inayobadilika rangi, inayouzwa kwa wanaohusika na usalama kazini. Unakata ncha, unavuta hewa, unasoma. Kikomo kinachoshauriwa kwa mfanyakazi ni sehemu 25 kwa milioni, na Ulaya huwataka wafuga kuku wa nyama wanaobananisha kuku bandani wasipite 20. Pima kwenye kimo cha kichwa cha kuku, si cha kwako. Kimo chetu kilisema 15, cha kuku 40.

Nikachuchumaa kuangalia kwa nini. Chini ya mitungi miwili ya maji matandiko yalikuwa tope, yanabonyea kama keki. Kwingine kote yalikuwa makavu. Tukaitoa ile tope, tukamwaga makapi ya mpunga mapya, tukainua mitungi ifike mgongo wa kuku ili isipigwe na kumwagika.

Jirani nilimpa daftari dogo badala ya jibu. Safu nne: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, harufu kuanzia 0 hadi 3. Alidhani namfanyia mzaha, lakini akajaza. Wiki ya kwanza, kabla ya mitungi kuinuliwa, kuna 3 jioni tano. Wiki ya tatu kuna sifuri na 1, na 3 moja tu ya Ijumaa. Pembeni yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "wameniambia mtungi ulipinduka."